Chumba cha Kufulia Sauti

Kwenye msiba wa Stazia kila aliyesimama kusema alisifu Kiswahili chake, na mimi peke yangu pale nilikuwa na ugomvi nacho. Tulikaa uani kwake, mtaa wa Mbugangari, chini ya turubai, miguu ya viti vya plastiki imezama kwenye mchanga mweusi, chai ya maziwa ikipita mkono kwa mkono. Mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha alisema marehemu hakuwahi kukosea hata ngeli moja. Jirani yake, mama mmoja anayeuza vitenge, akaniinamia sikioni: "Huyu alikuwa anasema Kiswahili ya kitabu, mupaka tulikuwa tunaogopa kumujibu." Waliomsikia wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuinamisha kichwa. Mimi nililia, na sioni haya kukiri kwamba sikuwa namlilia yeye tu. Nilikuwa nayalilia masikio yake. Yalikuwa masikio ya mwisho duniani yaliyomsikia mama yangu akieleza ilikuwaje nikabaki kwenye moto. Tumeyafukia, na swali langu limebaki juu ya ardhi bila mtu wa kulijibu.

Habari za ukoo wangu ni ndefu na hazimfai mtu. Inatosha kujua kwamba mlima ulipopasuka na kumwaga moto, huko upande wa Goma, nilikuwa mtoto wa mgongoni. Mama alitoka na kaka yangu Deo na dada yangu Feza, wenye miguu ya kukimbia. Mimi, niliyekuwa wa kubebwa, nilibaki ndani. Mtu nisiyemjua hadi leo alinichukua akanifikisha kwa masista, na shangazi yangu akanilea. Mama alivuka mpaka, akakaa Gisenyi, upande wa Rwanda, akaolewa tena na mwanamume aliyerudi kutoka Tanzania, akawa anauza nyanya na vitunguu pale Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani cha waendao kwa miguu. Nilipokuwa mkubwa nilikuwa namtembelea. Alinipa kiti kizuri na kikombe kizima, kama mgeni, tukazungumza bei ya maharage. Watu walimwita Mama Deo, hata baada ya miaka ya vita kuwamaliza Deo na Feza wote wawili. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Riziki. Sikumwuliza habari ya moto na yeye hakuniambia, maana kwetu watu hukaa na jambo kubwa katikati yao kama meza, wanakula juu yake. Kisha akafa, na mwaka uliofuata nikaja Gisenyi kusoma chuo. Ndio mwaka huo ulionifanya niwe nilivyo, na nikisema hivyo sijisifu.

Chuo chetu kilikuwa na mkusanyo wa masimulizi ya mdomo. Zilikuwa kaseti za watu wa kawaida, wakulima wa Nyakiriba, wafugaji wa Mudende, wachukuzi wa mpakani, wakieleza mambo waliyoyaona kwa macho yao. Wanafunzi walitumwa na redio za kurekodia, wakarudi na sauti. Kwa kukosa nafasi, mkusanyo ulikuwa umewekwa katika nyumba ya zamani karibu na ziwa, kwenye chumba kilichokuwa cha dobi enzi za wenye nyumba. Masinki mawili makubwa ya saruji yalikuwa bado yamesimama katikati. Mbao zililazwa juu ya masinki, na kaseti zikapangwa juu ya mbao. Kuta zilinuka sabuni ya miche ambayo hakuna aliyeitumia tena, na unyevu wa ziwa ulipanda taratibu mpaka rangi ikawa inabanduka kwa vipande. Nilikipenda chumba kile. Nasema hivyo nikijua kilinifanyia nini.

Kwa sababu ya masinki, kazi ya mle ndani ilipata jina la utani likawa ndilo jina lake: kufua. Kufua kaseti maana yake ilikuwa kukaa na hedifoni masikioni, kusikiliza, na kuyaandika maneno kwa Kiswahili safi. Waliorekodiwa walisema kama tunavyosema huku, mutu na batu na iko kila mahali, Kifaransa kidogo, Kinyarwanda kidogo. Mwalimu Gaspard, aliyeusimamia mkusanyo, hakutaka hayo yafike kwenye karatasi. "Bon," alikuwa akisema, amefunga mikono nyuma, "mutu akikuja kwako na nguo ya shamba, utamupiga picha vile vile? Unamufulia kwanza. Donc, na maneno yake ni vile." Hakujisikia akisema. Alikuwa mtoto wa Masisi, kule Congo, na nadhani aliona haya kwa ajili ya wale watu kama alivyojionea haya mwenyewe. Alidhani anawaheshimu. Na kwa kuwa kaseti zilikuwa haba, iliyokwisha kufuliwa ilifutwa jina na kurudi kwenye redio kumchukua mtu mwingine. Hakuna aliyeona ubaya. Maneno yalikuwa yameandikwa, sauti ilikuwa ya kazi gani tena?

Mfuaji hodari kuliko wote alikuwa Anastazia, Stazia wetu. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka Karagwe, na Kiswahili chake kilitoka mdomoni kimepigwa pasi. Alikuwa amekwisha kufua nusu ya mkusanyo kabla mimi sijafika. Tulipangishwa chumba kimoja kwa Mama Bahati, mjane wa Goma mwenye mdomo na huruma kwa kipimo sawa, tukalala vitanda viwili vilivyoachana kwa upana wa ndoo. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, mchana tulikula chuoni viazi na maharage, jioni tulipika wenyewe uani, mara nyingi sambaza, vile visamaki vya ziwa ambavyo ukivikaanga mtaa mzima unajua. Kuta zilikuwa za mbao. Mama Bahati na dada yake walisengenya upande wa pili mpaka tukajua nani kavuka na nini chini ya kitenge, na nani karudishwa. Stazia alikuwa akinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, 'banamukamata' ni nini?" Nami namfasiria, tunacheka. Nilikuwa sijawahi kuwa na rafiki wa kuchekea kitandani. Nilidhani maisha yameanza.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga kurasa zilizofuliwa kwenye mafaili na kuyapa majina. Siku moja ya mvua nilivuta faili la wachuuzi wa mpakani, na juu ya ukurasa nikaona: Mama Deo, mwuza nyanya, Barrière ndogo. Sikuwa najua kama alirekodiwa. Hakuniambia hata hilo. Nilisoma nimesimama, mkono mmoja nimeushika kwenye ukingo wa sinki. Alieleza mlima ulivyonguruma, watu walivyotoka na magodoro kichwani, joto la ardhi chini ya kandambili. Kisha ikaja sentensi ambayo nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mwanamume yeyote: "Moto ulipotufikia, watoto wawili walinitosha. Wa tatu alibaki ndani ya nyumba."

Walinitosha. Niliirudia mpaka ikawa sauti tupu. Kwa hiyo alikuwa amehesabu. Alisimama mlangoni, akaona wawili wenye miguu, akaona wa kubebwa, akapima, akaridhika. Sikulia. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba hesabu yake ilikuwa mbaya, maana wale wawili waliomtosha hakuwabakiza, na mimi ndiye niliyesimama pale na faili lake mkononi. Nilijikaza kisabuni, nikalirudisha faili mahali pake, nikaenda kula viazi. Sikumwambia mtu. Kwa miezi niliamka, nikasoma, nikapika, nikacheka na Stazia kitandani, na chini ya yote lile neno likifanya kazi yake. Nilipopita Petite Barrière na kuona wanawake wamebeba watoto mgongoni, nilikuwa nawatazama watoto, si wanawake, nikiwaza ni nani kati yao angezidi hesabu.

Msomaji wa huku ataniuliza mbona sikulielewa lile neno, mimi mtoto wa Goma. Nimejiuliza pia. Jibu ni kwamba sisi watu wa upande ule tuna Viswahili viwili, kimoja cha mdomoni na kimoja cha kwenye karatasi, na havisalimiani. Nilisoma karatasi, nikaelewa kikaratasi.

Ilikuwa Jumapili, mchana, jua limetoka baada ya mvua. Stazia alikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anakaanga sambaza na nyanya, mimi nachagua mchele, Mama Bahati ameketi kizingitini anajisuka.

"Stazia, tosha sufuria," akasema Mama Bahati.

Stazia akachungulia ndani. "Inatosha, mama. Hata akija mgeni."

"Nasema tosha!"

"Inatosha kabisa, mama, wala usiwe na wasiwasi."

Harufu ya kuungua ikatufikia wote. Mama Bahati akanyanyuka, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akaishika sufuria kwa pindo za kitenge akaitua chini. "Yoo! Mi nasema uitoshe ku moto, we unasema inatosha. Kwenu Tanzania banawafundisha nini?"

Stazia alicheka mpaka akakaa chini. Dada yake Mama Bahati alicheka kutoka ndani. Mimi nilikuwa nimesimama na ungo, mchele unamwagika miguuni, naisikia sentensi ya mama kwa mara ya kwanza kwa masikio. Kwetu kutosha ni kutoa, ni kuondoa kitu mahali. Tukitaka kusema kitu kimefika kiasi, tunasema kinaenea. Nilikuwa nimelisema neno hilo tangu utoto, nitoshee viatu, tosha mukono, tosha huyu mutoto kwenye jua, na halikuwa limenigongea mlango. Mama hakusema wawili walimtosha. Alisema aliwatoa wawili. Nilitosha batoto babili. Mwanamke ana mikono miwili.

Nilimvuta Stazia chumbani. "Kaseti ya Mama Deo. Mwuza nyanya, yule wa moto. Wewe ndiye uliyeifua. Ulisikia nini?"

"Dada, nimefua kaseti nyingi."

"Alisema 'nilitosha' au alisema 'balinitosha'?"

Akanitazama, machozi ya kucheka bado yako machoni. "Niliandika nilichosikia. Palipopinda nilinyoosha, ndiyo kazi tuliyopewa. Kwani kuna tofauti gani? Ni nani huyo Mama Deo?"

"Ni mama yangu," nikasema, na kicheko chake kikaisha. Alikaa kitandani, akafumba macho, akajaribu kwa dhati kukumbuka. Nilimwona akijaribu. Hakuna kilichokuja.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Gaspard kabla hajafungua. Nilimwomba kaseti. Alitafuta juu ya sinki la kushoto, akaipata, akaigeuza, akaniangalia kwa masikitiko ya kweli. "Ilisha kufuliwa, binti yangu. Sasa iko na muzee wa Nyakiriba." Jina la mama lilikuwa limepigwa mstari, juu yake limeandikwa jina la mzee na neno viazi. Niliomba nisikilize hivyo hivyo. Nilivaa hedifoni nikamsikiliza mzee yule tangu mwanzo, ugonjwa wa majani, mbegu za zamani, mvua zilizokuwa zikija kwa adabu. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee asiye na kosa. Lakini alimaliza maneno yake kabla ya mkanda kumalizika. Sauti ikakatika, ikakwaruza, na pale alipoishia yeye ndipo mkia wa maneno ya mama ulipokuwa bado umebaki. Makelele ya mpakani. Wachukuzi wakipiga kelele wapishwe. Kikohozi ninachokijua. Kisha sauti yake, karibu kabisa: "Njo ivyo. Basi, zima. Na we mwanangu, ulisha kula?" Mwanafunzi aliyekuwa akimrekodi, aliyefariki kabla sijafika chuoni, anacheka, anasema bado. Mama anasema, "Ikala." Mkanda unaisha.

Ndivyo nilivyobaki na mama yangu, akimkalisha mtoto wa mwenzake ale. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena mpaka Mwalimu akaniwekea mkono begani. Aliniahidi jambo moja, na alilitimiza: kaseti ile haikufuliwa tena. Aliifunga kwenye gazeti akaiweka peke yake. Nilikuwa naenda kuisikiliza mpaka mwaka ulipoisha, kisha redio ya mle ndani ikafa, na mkusanyo ukafungiwa kwenye masanduku kwa miaka mingi ukingoja fadhila.

Mtu angedhani mlo ule ulioungua uliniponya, na kweli kwa muda nililala. Lakini kuwaza ni ugonjwa. Nilikumbuka kwamba mama aliishi miaka na mume wa Tanzania, na neno linaweza kuhamia kwa mtu kupitia mto wa kulalia. Huenda mbele ya kinasa sauti, akitaka kumpendeza mwanafunzi, alitumia Kiswahili cha mumewe, na walimtosha kweli. Kisha, miaka ya baadaye, nikiwa nafua nguo za wanangu, likanijia wazo la tatu. Huenda Stazia hakunyoosha chochote ila viambishi. Huenda mama alisema, "Batoto babili balinitosha": watoto wawili walinitoa. Deo na Feza, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, wakimvuta nje naye anageukia mlango. Niliacha nguo kwenye beseni nikakaa. Mama mmoja alihesabu, mwingine aliokoa aliowaweza, mwingine alivutwa akilia jina langu. Nimeishi na mama watatu, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumlilia sawasawa.

Stazia alibaki rafiki yangu. Alisimamia harusi yangu, nikawashika watoto wake kwenye ubatizo. Mara moja moja nilimwuliza, tukiwa tunamenya viazi au tunatoka kanisani, "Hujakumbuka?" Naye hakuwahi kuuliza ninazungumzia nini. Anatikisa kichwa, ananishika mkono. Mwaka huu alipougua, nilimwuliza mara ya mwisho, na najua kumwuliza mgonjwa hivyo ni ukatili. Alikuwa amelala ubavu, amekonda, sauti imebaki nyuzi. Alifumba macho kama siku ile ya sambaza.

"Nimekumbuka, Riziki," akasema. "Nilisikia wazi. Alisema, 'Niliwatosha watoto wawili.'"

Nilimbusu kwenye kipaji cha uso nikamshukuru. Nilitoka nje, nikasimama ukutani kwake, nikavunjika. Niliwatosha. Ile "wa" ya katikati mama yangu hakuwahi kuitamka tangu azaliwe. Wala "watoto wawili" hakusema kamwe. Stazia hakuwa amekumbuka chochote. Alikuwa amenitungia zawadi kabla ya kuondoka, na hata katika uongo wa upendo hakuweza kukosea ngeli. Alinifulia mpaka mwisho.

Baada ya matanga nilikwenda chuoni. Mkusanyo uko kwenye jengo jipya sasa, sakafu ya vigae, kompyuta mezani, hakuna harufu ya sabuni. Mama wa makamo anayeutunza, aliyerudi kutoka Congo, alinikaribisha vizuri. Nilipomwandikia jina la Mama Deo, sentensi ile ikatokea kwenye kioo kwa herufi nene, imewekwa kama kichwa cha habari. "Hii wanafunzi wanaipenda sana," akaniambia. "Wanaiandikia hata insha. Mama alipoteza mutoto, lakini akashukuru kwa wale Mungu alimubakishia. Ni somo ya kuridhika." Sikumsahihisha. Ningemsahihisha na nini? Nilimwambia sihitaji maandishi, nahitaji sauti, ile kaseti ya mzee wa viazi.

"Kaseti zenyewe zilishikwa na ukungu, maman, tulizitupa. Lakini sauti yote iko humu ndani." Akanivalisha hedifoni kwa mikono yake, kwa upole, kama anayemvisha mtoto kofia. Mzee wa Nyakiriba akaanza. Majani yalivyougua. Mbegu za zamani. Mvua za adabu. Safari hii sikumchukia, nilimsindikiza neno kwa neno kama jirani, nikijua nyuma yake kuna nani. Alimaliza. Nilifumba macho kungoja makelele ya mpakani na kile kikohozi. Kukawa kimya. Nilingoja zaidi, kisha nikafungua macho na kuona kwenye kioo kwamba hakuna kilichobaki cha kungoja.

"Pale mwisho kulikuwa na kitu," nikasema. "Kidogo. Sauti ya mwanamke."

"Ah, ile ya ku mwisho?" Akatabasamu, akifurahi kwamba kuna mtu ameona kazi yao. "Tuliitosha, maman. Ilikuwa makelele tu."

Sikuhitaji mtu wa kunifasiria.